Moshi wa Bluu Njia ya Karema

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda pale stesheni ya Mpanda, naelekea sokoni. Hatujafika mbali, harufu ikanijia: oili iliyoungua. Kabla sijawaza lolote, shingo yangu ilishageuka yenyewe, natazama nyuma na chini, usawa wa ekzosi. Kijana akaniona kwenye kioo.

"Vipi mama, umeangusha kitu?"

"Sijaangusha. Pikipiki yako inakula oili."

Akacheka. "Kawaida tu mama, huyu ni mzee. Kwani wewe ni fundi?"

Nikamwambia mimi si fundi, mimi nilikuwa mtazama moshi. Hakuelewa, na safari ilikuwa fupi mno kumweleza. Basi acha nikueleze wewe, maana wewe una nafasi ya kunisikiliza, na huenda nyumbani kwenu pia kulikuwa na chombo kizee kilichopendwa kuliko ng'ombe.

Nimekulia Kasokola. Baba alikuwa akizunguka vijijini kununua karanga na mahindi, na chombo chake kilikuwa pikipiki nyekundu aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Alipofariki nikiwa bado shule ya msingi, pikipiki ilibaki imeegemea ukuta wa jiko, kuku wanalala juu ya kiti chake. Watu walijua itauzwa. Mama hakuiuza. Jioni moja alivaa suruali ya baba, akajifunga kitenge juu yake, akaisukuma hadi uwanja wa mpira wa shule. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, mpaka watoto wakachoka kucheka wakaanza kumshangilia. Baada ya muda akawa anapeleka nyanya zetu sokoni Mpanda alfajiri, tenga limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi, mimi nimebanwa katikati yake na tenga, maana shule yangu ilikuwa njiani.

Aliyekasirika ni bibi, mama yake mama, aliyekuwa akiishi Karema kando ya ziwa. Alituma maneno kwa mchuuzi wa samaki: "Mwambieni binti yangu, mjane hakipandi chombo cha marehemu miguu huku na huku. Akitaka kuja kwangu aje kwa miguu yake, hicho akiache hukohuko." Mama alimsikiliza yule mchuuzi mpaka mwisho, akamkaribisha maji, akamshukuru. Kisha akaenda kuchuma kisamvu shambani, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Tangu siku hiyo hatukwenda Karema tena. Mvua zilikuja zikaisha, samaki wa bibi, migebuka ya ziwani, hawakuletwa, na karanga zetu hazikupelekwa.

Asubuhi zetu zilianzia kwenye injini. Kulikuwa na ukungu, harufu ya viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu, na jogoo wa jirani asiyejua kunyamaza. Mimi nilishika usukani ili pikipiki isimame wima, maana ikilalia upande kijiti cha kupimia oili kinadanganya. Mama alikifungua, akakifuta kwa kipande cha khanga, akakitumbukiza, akakitoa na kukiinua kwenye mwanga. Aliangalia oili imefika wapi, akaisugua kati ya vidole, akainusa. Alikuwa na usemi wake: "Anayesubiri kelele amechelewa." Halafu alipiga kiki, na kazi yangu ikaanza. Nilikaa nyuma, nikageuza shingo, nikatazama moshi. Mweupe wa asubuhi haukuwa na neno. Huo ni unyevu, unaisha chombo kikipata joto. Mweusi, petroli inazidi. Wa bluu, wa oili inayoungua, ndio tuliouogopa.

Mwanzoni bluu ilitokea pale tu tunapowasha, ikapotea. Baadaye ikawa inatokea tukipanda mlima na tenga limejaa. Kisha ikawa inatufuata hata kwenye tambarare, na kijiti kilionyesha oili imeshuka kabla wiki haijaisha. Kiki nayo ikawa laini. Zamani mama alisimama juu yake kwa uzito wote. Sasa hata mimi niliweza kuisukuma chini kwa mkono.

Jirani yetu alikuwa fundi, mtu wa Katumba, wazazi wake walitoka Burundi, na Kiswahili chake kilikuwa na wimbo wa Kirundi, 'l' nyingine zikigeuka 'r'. Mama alimwita. Alikuja akafungua plagi, ikatoka nyeusi na imelowa. Akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akaniambia nipige kiki. Hewa ilimsukuma kidogo tu, kama pumzi ya mgonjwa. Kisha akamimina kijiko cha oili ndani ya tundu lile, akasubiri, akaniambia nipige tena. Safari hii kidole chake kiliruka.

"Umeona?" alimwambia mama. "Tukimimina oiri inaziba, pumzi inarudi. Maana yake ugonjwa si varivu. Ni ringi, na pengine sirinda yenyewe imelika. Inataka kufunguliwa, dada."

"Nikivuna nitaifungua," mama alisema. "Kwa sasa inaweza nini?"

"Sokoni inakwenda. Mbari usiende."

Lakini mbali ndiko kulikotuita. Ilikuwa katikati ya masika ambapo mchuuzi yuleyule wa samaki alifika kwetu akiwa na matope hadi magotini. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, akivuka mito kwa kushikwa mkono. Hakutaka kukaa. "Mama yako hali chakula," alisema. "Anataja jina lako. Mdogo wako amesema, ukiweza njoo." Barabara ya Karema ilikuwa imekatika, malori yamekwama, basi halijapita kwa siku nyingi. Mama alisimama mlangoni akitazama mvua ikidondoka kwenye majani ya migomba, kisha akatazama pikipiki.

Akamwita fundi tena. Sijasahau jinsi yule mzee alivyoizunguka pikipiki, akaiwasha, akaweka sikio, akaizima.

"Kufika, inaweza kufika," alisema. "Kurudi, sikudanganyi."

"Kufika ndiko ninakokutaka," mama alijibu.

 Fundi alileta galoni la oili kutoka kwake, akalifunga nyuma kwa mikono yake mwenyewe. "Mlima usiulazimishe," alimwambia. "Ikipata joto sana, kaa chini upumzike nayo. Subiri oiri ishuke, ndiyo upime. Na wewe," akanigeukia, "hiyo shingo yako leo ndiyo taa ya mama."

Tuliondoka asubuhi mvua ikiwa imepumzika. Nakumbuka Kabungu na harufu ya uyoga unaouzwa kando ya njia katika majani mapana, nakumbuka miombo inayodondosha maji, na mbung'o waliotufukuza. Moshi wetu ulikuwa na faida hiyo moja: uliwapunguza. Kila baada ya mwendo mama aliuliza bila kugeuka, "Vipi?"

"Hamna kitu, mama."

"Vipi?"

"Bluu kidogo."

"Sasa?"

"Bluu sana, mama. Siioni hata barabara."

Hapo alisimama. Tuliketi juu ya gogo, tukala viazi vya baridi na karanga, injini ikitoa vile vilio vidogo vya chuma kinachopoa. Kisha kijiti, khanga, mwanga, vidole. Alimimina, akafunga, tukaendelea. Palipokatika tulishuka tukaisukuma ndani ya maji, watu waliokwama na malori yao wakitusaidia. Dereva mmoja alitazama moshi wetu akatikisa kichwa. "Dada, hiyo imekufa, bado kuzikwa tu." Mama alimshukuru kwa kusukuma, akapiga kiki.

Tulipita Kapalamsenga galoni likiwa jepesi. Tulipoanza kuliona ziwa kwa mbali, jeupe kama bati, injini ikaanza kugonga. Ko, ko, ko, chini kabisa, sauti ya mtu anayepiga mlango bila nguvu. Mama alisimama. Alimimina oili yote iliyobaki, akalikung'uta galoni mpaka tone la mwisho. Hakupima tena, hapakuwa na cha kuongeza hata kama kijiti kingesema kweli. Akaweka kiganja juu ya tangi, akainama, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu msiba, "Mume wangu, nifikishe kwa mama."

Niliangalia pembeni. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kuna maneno ambayo hata mtoto wako hapaswi kuyasikia.

Mwendo uliobaki tulikwenda taratibu kiasi kwamba mtu wa miguu angetupita. Sikuulizwa tena rangi ya moshi. Tuliingia uwanjani kwa bibi tumefunikwa na wingu, kuku wakakimbia, mbwa akabweka mara moja akaanza kupiga chafya. Mama hakuizima pikipiki. Ilijizima yenyewe, ikakohoa, ikanyamaza. Ndani ya nyumba sauti nyembamba ikauliza:

"Nani anachoma nyumba yangu?"

Mama aliingia na matope yake, akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama."

Bibi alimtazama. Alikuwa amekonda, amebaki macho. "Marahaba. Barabara si imekatika?"

"Imekatika, mama."

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja na kile ulichokikataa."

Mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza, aliacha kukoroga uji. Mimi nilishika nguzo ya mlango. Bibi alifumba macho, nikadhani amekasirika, kumbe anatafuta nguvu. "Nitoeni nje," alisema, "nikione."

Walimbeba wawili, mwepesi kama mganda wa mpunga. Aligusa usukani, akagusa tangi, akavuta mkono haraka kwa joto. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanichekesha na kuniliza kwa pamoja. Alisema, "Nipandisheni."

Wakamkalisha, mguu mmoja huku na mwingine huku, kitenge chake kimepanda magotini, mama akimshika mgongo na mama mdogo akimshika mkono. Alitazama mbele kuelekea ziwani. "Kumbe unakaa hivi," alisema. "Unaona mbali." Halafu akamwambia mama, kwa sauti ya chini, "Nilikuzuia nikiogopa watakusema. Na mimi ndiye niliyekusema."

 Mama aliweka paji la uso wake kwenye bega la bibi, wakakaa hivyo juu ya chombo kilichokufa.

Bibi alianza kula jioni ile, uji kwanza, kisha mgebuka wa kuchoma. Aliishi hadi kiangazi kikakolea, na mama hakuondoka pembeni yake mpaka siku ya mwisho. Pikipiki ilirudi Mpanda juu ya lori barabara ilipokauka. Fundi aliifungua, akaingiza kidole kwenye silinda iliyochubuka, ringi zikamtoka mkononi vipande vipande. "Mawe!" alisema, ndiyo "mama wee" ya Kirundi. "Hii imefikaje?" Hakuwa akituuliza sisi, nadhani. Vyuma vyake vikaenda kusaidia pikipiki nyingine, kimoja hapa, kimoja kule.

Mwaka huu nilimpeleka mama Karema kwa gari. Barabara ni nzuri sasa. Tulikwenda tukizungumza, hakuna aliyegeuka nyuma kutazama chochote. Nyumba ya bibi haipo, pamebaki msingi na mti wa mpera alioupanda mama mdogo. Fundi ametangulia, mchuuzi wa samaki pia. Wale waliotusukuma majini sikujua hata majina yao. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka sauti ya ile injini ikiwa nzima, na nikagundua siikumbuki. Nakumbuka ilivyokuwa inakufa tu.

Bikizee mmoja, rafiki wa bibi, alitoka nyumba ya pili akijikongoja. Alimshika mama mkono, akamchungulia uso.

"Si wewe uliyempeleka mama yako kando ya ziwa mpaka Ikola kwa pikipiki? Alitusimulia mpaka anafariki. Anasema upepo ulitaka kumvua kilemba."

Nilimtazama mama. Pikipiki ile haikusogea hata hatua moja bibi alipoipanda, wala haikuwaka tena baadaye.

"Ndiyo, ni mimi," mama alisema. "Alinishika kiuno njia nzima. Hakuogopa hata kidogo."