Shemeji na Gari la Mikate

Ulikuwa mwaka ambao daraja la chini lilichukuliwa na maji. Hapana, nimekosea. Daraja lilikwenda mwaka mmoja kabla. Huu ninaousema ni ule niliong'olewa meno mawili ya mbele, maana nakumbuka nikishona godoro la lile gari nilikuwa nikibana uzi kwa meno kama nilivyozoea, na uzi ukawa unaponyoka penye pengo, na shemeji akacheka. Mwaka ule mzima nilimsikia akicheka mara mbili. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Shemeji alikuwa mke wa mdogo wangu. Kazi yake mpishi wa shule, watoto mia tano kwa siku, miaka ishirini na mbili. Mtaani walimwita Kamanda, kwa sababu foleni ya watoto ilinyooka akishika tu mwiko. Mfupi, mpana, hana maneno mengi. Chumvi aliipima kwa jicho ndani ya sufuria ambalo mtu mzima angeweza kuogea, na sijapata kusikia mtu akisema leo imezidi.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa pikipiki, na kila mtu alimwita Klachi. Hawakujaaliwa watoto, basi wakalea pikipiki. Yeye alikuwa na moja kubwa nyekundu, ndefu miguu kama mbuni, ya kwendea porini na milimani pasipo barabara. Shemeji alipotimiza miaka arobaini akamuundia nyingine ndogo kwa vipande vya pikipiki nne zilizokufa, akamfundisha nyuma ya uwanja wa mpira. Alianguka mara ngapi sijui. Nilimwona tu akichechemea jikoni, na hakutaka kuulizwa. Toka hapo kila likizo ya shule waliondoka wawili, wakirudi wana vumbi mpaka kwenye kope. Kulikuwa na ukingo wa mlima, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, ambako ukisimama unaliona bonde zima chini yako. Huko ndiko roho zao zilikokuwa.

Kilichomwangusha mdogo wangu si pikipiki. Ni ngazi. Ngazi ya futi saba, akirekebisha mfereji wa maji ya mvua nyumbani kwake. Aliangukia mgongo kwenye kona ya kizingiti, na kuanzia kiunoni kwenda chini akawa hana habari. Daktari hakuzunguka mbuyu: miguu hairudi.

Wakamrudisha nyumbani na kiti cha magurudumu. Kiti kikakaa ukumbini, baada ya mwezi kikawa cha kuanikia mashuka. Yeye alilala chumba cha nyuma, kitanda chini ya dirisha linaloangalia uani, uso ameuelekeza ukutani. Mwanzo alijibu ukimsalimia. Baadaye akawa anaguna. Halafu hata kuguna akaacha. Chakula vijiko viwili, anafunga mdomo, na ukimbembeleza anafumba na macho.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari na maturubai, sikusoma sana, sijui maneno ya kumwambia mtu kama huyo. Nilikuwa nakwenda kila siku jioni, nakaa kwenye kigoda, naongea na kisogo chake. Nikamwambia habari za magari niliyoshona. Nikamkumbusha tulivyokuwa wadogo tukilala kitanda kimoja, yeye akinipiga mateke usiku kucha. Hilo la mateke nilijuta kulisema kabla hata halijatoka lote. Nikitoka hapo nilikuwa napita njia ya nyuma, nisikutane na watu.

Muuguzi alikuja kila Alhamisi kumsafisha vidonda vya mgongoni. Alhamisi moja akatuita ukumbini, mimi na shemeji, akafunga mlango.

"Mama, huyu mgongo haumuui," alisema. "Anajiua mwenyewe kwa kufunga mdomo. Mwili umeshakula akiba yake yote. Akienda hivi mpaka mwisho wa mwezi ujao, msiniite mimi, mtakuwa mmechelewa."

Shemeji alikuwa anakunja mashuka yaliyokuwa kwenye kiti. Akamaliza kukunja. Akasema, "Nimesikia."

Jumamosi yake akaja na gari la mikate.

Lilikuwa gari refu, lenye paa la juu hata mtu anasimama ndani, lililokuwa likileta mikate shuleni tangu alipoanza kazi. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimefungwa, na mwenyewe akamwachia. Aliliingiza uani kinyumenyume, mlango wa nyuma ukatazama dirisha la mdogo wangu, na uani pale pakabaki nafasi ya kuku kugeuka tu.

"Shemeji," nikamwambia, "hili la nini?"

"La kwenda ukingoni. Yeye, mimi, na pikipiki zetu."

"Mtu hataki kula, wewe unampeleka mlimani?"

"Huku bondeni amekataa kula," akasema. "Shika hii bisibisi."

Wiki tano tuliifanya kazi hiyo, kila alipotoka shule mpaka jua lizame. Tulizing'oa rafu za mikate moja baada ya moja, na kila tukikwangua kona zinatoka chembe zilizokauka, harufu ya hamira haikwisha mpaka mwisho. Sakafu tukaiwekea plaiwudi nene. Fundi wa kuchomea vyuma aliyekuwa mkabala na banda langu akaongeza springi nyuma, akaliinua gari, tukalivalisha magurudumu mapana yenye meno ya kukamata tope. Shemeji akataka pipa la maji lenye bomba, jiko la gesi la kufungwa ukutani, koleo, na mbao mbili ndefu: zipandishe pikipiki, na gari likizama mchangani zilazwe chini ya magurudumu. Kiti cha magurudumu nacho kingepandia hapo hapo.

Kitanda cha mdogo wangu kilikaa karibu na mlango wa ubavuni, chini, usawa wa kiti, avutwe tu. Nyuma yake nafasi ya pikipiki mbili, pete za chuma sakafuni za kufungia mikanda. Na juu ya pikipiki, fremu ya chuma kama dari, ndiyo kitanda cha shemeji mwenyewe.

Kimo cha hiyo fremu tulikipima kwa kamba, yeye na mimi. Ile ndogo akaniambia niishike wima, isiegemee, akapima toka chini mpaka kwenye mpini, akafunga fundo. Ile nyekundu ilikuwa imeegemea stendi yake ya pembeni. Nikaenda kuishika. "Iache," akasema, "nzito hiyo, utajitegua." Akapima upande wa kushoto, akafunga fundo la pili, akampelekea kamba mchomeleaji. Wiki ile ile mchomeleaji akahamia kwa wakwe zake mbali huko, na mashine yake.

Watu walisema. Jirani muuza mkaa alikuwa akiegemea ukuta anatazama kama yuko sinema. Siku moja akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani, "Kamanda, wenzio wananunua mbao sita tu. Wewe unamtengenezea jeneza la magurudumu manne?"

Shemeji hakumgeukia. "Na bado lina nafasi ya mtu mwenye mdomo mrefu," akasema, akaendelea kukaza bolti.

Lakini nilimwona. Mtu aliyebeba masufuria miaka ishirini na mbili, bolti ile moja aliikaza, akailegeza, akaikaza tena.

Ndani, mdogo wangu alikuwa amefikia kijiko kimoja. Mifupa ya bega ilikuwa imetokeza hata shati linaning'inia kama kwenye henga. Nilishona godoro lake huku nikijua ninashona kitu ambacho hakitalaliwa. Nikashona hata hivyo, mara mbili kila mshono. Ningefanya nini kingine?

Zilibaki siku tisa mwezi uishe. Mawingu ya mvua yalikwishaanza kukusanyika, na mvua zikianza, njia ya ukingoni hufungwa miezi mitatu. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Shemeji akafungua dirisha la chumba cha nyuma, akasema chumba kipate hewa, akaja uani. "Tupakie," akaniambia.

Ile ndogo ikapanda vizuri, ikaingia chini ya fremu kama mkono kwenye mfuko. Tukaifunga. Kisha tukaileta nyekundu. Yeye mbele kwenye usukani, mimi nyuma nasukuma, uzee wangu wote kifuani. Ikapanda mbao, gurudumu la mbele likaingia, na usukani ukagonga chuma. Ngo.

Tukairudisha, tukapandisha tena. Ngo. Mara ya tatu ikakwaruza rangi na mbao moja ikateleza, nusura inilalie. Tukaishusha. Shemeji akakaa kwenye ule ubao, mikono imelegea mapajani, akatazama chini. Mimi nikaenda upande wa pili wa gari, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka anione. Mchomeleaji hayupo, mvua hiyo inakuja, mtu anakwisha chumbani, na sisi hata kupima tumeshindwa. Nilisimama pale nikasema moyoni basi, hapa ndipo mwisho wetu.

Ndipo sauti ikatoka dirishani, kavu, ya kukwaruza, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa.

"Mmeipima ikiwa imelala kwenye stendi."

Sikusogea. Shemeji naye hakugeuka. Zilikuwa wiki kumi na moja hatujaisikia sauti ile.

"Ndiyo," shemeji akasema, akitazama chini vile vile.

"Upande wa kushoto."

"Ndiyo."

"Upande iliolalia." Akapumua. "Ikisimama, mpini huo unapanda vidole vitano. Kaka naye alikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema nyuma ya gari.

"Umezeeka bure, kaka."

"Basi tukate chuma," shemeji akasema.

"Msikate kitu. Mtaharibu." Kisha akaongeza: "Usukani una bolti nne. Zilegeze, uuzungushe uinamie tangi. Ikishaingia, mikanda ivute mbele mpaka shokapu zikae."

"Mimi sijui kulegeza hizo."

"Miaka yote hiyo hujui?"

"Sijui. Njoo unioneshe."

Hakuja. Jioni uso ulikuwa umerudi ukutani. Ila alikula yai zima. Kesho yake hakula kitu, na nilimwona shemeji akilia kwa mara ya kwanza, amesimama kwenye beseni la vyombo, maji ya bomba yanamwagika. Jumanne mdogo wangu akauliza kama ile nyekundu bado iko nje inangoja kunyeshewa. Jumatano akataka kiti. Tulimtoa mashuka yakiwa yameviringwa kiunoni pake na mimi nikijikwaa, hana uzito, kama kubeba nguo. Akazilegeza bolti nne yeye mwenyewe, spana ikimwanguka, mimi naokota, yeye ananitukana. Pikipiki ikaingia. Akamwambia mkewe, "Mpishi bwana. Ungewapimia watoto chumvi hivyo, shule ingefungwa." Shemeji akacheka. Hiyo ndiyo mara ya pili.

Alhamisi wakaondoka, muuguzi alikuta uani patupu.

Sitaki mtu adhani nasimulia habari ya kupona. Hakupona. Alikaa mwaka na miezi miwili, na siku nyingine alirudi ukutani, na vidonda vilimla. Walikwenda ukingoni mara nne. Kule shemeji alikuwa anaishusha nyekundu, anaisimamisha mbele yake, yeye anaishughulikia, akiwa kitini. Safari ya nne shemeji alirudi anaendesha taratibu sana, akasimama mbele ya banda langu, akaniambia, "Shemeji, yuko nyuma, kwenye kitanda chake." Nikajua.

Baada ya mazishi tulilisafisha lile gari wawili. Alikuwa anafungua mikanda ya pikipiki. Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikaa kooni tangu Jumapili ile. Akanitazama kidogo, akanipa ncha ya mkanda. "Shika huku, shemeji," akasema, "usiachie." Nikashika. Sikuuliza tena, na mwaka jana naye ametangulia.

Ndogo ulinifanya niishike wima. Dirisha ulilifungua wewe. Shemeji, ile nyekundu ulikosea kuipima?