Kishikwambi cha Eeddo Anab

Ugbad hutengeneza simu hapa sokoni Iftin, meza yake imepakana na jiko langu la chai. Kwa ukaidi, sijaona mwenzake.

Mwezi jana shangazi yake, Eeddo Anab, alikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley na kishikwambi cha kusomea vitabu. Shirika fulani liliwagawia akina mama wa ngumbaro, kisha likafunga virago. Eeddo hutunga buraanbur, mashairi ambayo wanawake huimba harusini. Kusoma amejifunza uzeeni, na sasa macho yanamwisha. Daktari hakuyapa hata mwaka. Alitaka jambo moja tu: asome mashairi yake kwa macho yake, kwa herufi kubwa, kabla giza halijamfika. Mwalimu wake wa ngumbaro alishamchapia mashairi hayo kwenye kompyuta. Lakini kishikwambi kilikubali vitabu vya shirika pekee.

"Nitakifungua, niweke programu yangu," akasema Ugbad, akaenda kuswali adhuhuri.

Hakutuambia kisiguse mtandao. Kikaomba mtandao, Eeddo akaniuliza. Kwangu mgeni hupewa chai, maji ya udhu, na siku hizi mtandao. Nikakiunganisha na simu yangu. Chai haijaisha, kikajizima, kikawaka upya.

Ugbad aliporudi akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Abaayo, dada yangu Sagal, wewe unakirimu hata vyuma. Kimejisasisha. Upenyo niliotaka kupitia umezibwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mursal, mwenye duka la jirani, akaona nafasi ya kuhubiri.

"Kiache. Hicho ni mali ya shirika, kukivunja ni wizi."

"Adeer, walimpa au hawakumpa?" Ugbad akamjibu. "Anayekupa sanduku akabaki na ufunguo, hajakupa kitu. Amekutwisha mzigo."

Akakibandua mgongo, akachomelea nyaya nyembamba ndani ili aingie kwa njia nyingine, akakosea, akaanza tena. Wateja walidai simu zao, akawaambia wangoje au waende. Siku tatu nilimnywesha chai ya bure, na bado niliona haya.

Siku ya nne kikawaka bila nembo ya shirika. Ugbad akayaweka mashairi kwa herufi kubwa, Eeddo akakisogeza karibu na pua, kidole kikifuata herufi moja moja. Cha kwanza alichosoma ni jina la mtunzi. Akalisoma mara mbili, machozi yakimtoka.

Kisha akamwita Mursal.

"Njoo usome hapa, wewe unayejua mali ya nani. Nani ameandikwa?"

Mursal akainama, akasoma.

"Anab."

"Basi waambie hivyo wakirudi."