Doti Moja, Mashine Mbili

Mume wangu alikuwa fundi wa karakana ya reli pale Kilosa, na ugonjwa wake ulikuwa mashine za kufulia. Mashine kuukuu, zile za kufungulia mfuniko juu, zenye kinara katikati kinachozungusha nguo. Ya kwanza aliikuta imetupwa nyuma ya nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, meneja alipofunga virago baada ya Azimio la Arusha. Ya pili ilikuja na treni ya mizigo kutoka Mikumi, imeliwa na kutu hadi miguuni. Jumapili wenzake walicheza bao. Yeye alikuwa uani, kichwa ndani ya pipa, anapiga msasa na kuibembeleza kama mtoto anayekataa uji.

Umeme wa kota za reli ulikuja ulipojisikia, na sabuni ilikuwa ya foleni, lakini mashine zote mbili zikafufuka. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana sasa alitaka kujua ipi inafua vizuri zaidi. Alijaribu kwa mashuka, akasema si haki, shuka moja limechakaa kuliko lingine. Kanga zangu nazo hazikumfaa. Kila doti ilikuwa imeshatengana: kipande kimoja kimekuwa mbeleko, kingine nimempa jirani.

Ila doti moja. Mama yangu alinipa siku ya harusi yangu, nyekundu yenye pindo nyeusi, akaniambia niitunze hivyo hivyo, bila kuikata, nije nimfunge binti yangu wa kwanza akiolewa. Nilikuwa nimeiweka chini kabisa ya sanduku la bati. Mahari ya binti yetu ilikuwa imeshapokelewa, na madukani miaka ile kanga ilikuwa ndoto.

Nilirudi kutoka sokoni nikakuta vipande viwili kwenye kamba. Alikuwa ameikata doti kwa mkasi wangu, akapaka kila kipande tope la mto Mkondoa, kijiko kwa kijiko ili kusiwe na upendeleo. Kilichotoka kwenye mashine ya shamba la mkonge kilikuwa chekundu bado, na tope kwa mbali. Kilichotoka kwenye ile ya Mikumi, ambayo alikuwa ameiwekea maji ya moto, hakikuwa na doa, ila kilikuwa kimechuja kama ulimi wa mgonjwa.

“Mama watoto, umeona?” akasema, anang’aa. “Ya Mikumi haina mpinzani!”

Kisha akaniona uso.

Sikumpigia kelele. Nilimnunia, na mimi nikinuna nanuna kweli. Chakula nilimpelekea kwa mkono wa binti yetu. Kila umeme ulipokuja, yeye alikitia kile kipande chekundu kwenye mashine ya Mikumi kwa maji ya moto, akakianika kando ya mwenzake, akarudi nyuma kutazama, akakitia tena. Sabuni yake ya kuogea iliishia humo. Yeye akawa anaoga kwa maji matupu. Wanawake wa kota walisimama kwenye ua wakicheka: mwanamume mzima anafua kanga za mkewe! Nilimwonea huruma, lakini midomo yangu ilikataa kufunguka.

Mwishowe binti akaniletea vipande vyote viwili. “Baba anauliza, kipi ni kipi?”

Nilivipeleka juani, nikavigeuza. Sikujua. Lakini sikumrudishia jibu, kwa sababu wa kusamehe kosa la doti ile alikuwa mama, si mimi.

Mama alishuka treni kutoka Kidete siku mbili kabla ya harusi. Nilimpa shikamoo, nikamwekea kanga mapajani na kumwambia yote. Alivishika vipande kimoja kimoja, akavinusa, akavipima pindo kwa pindo. Rangi ya damu aliyoinunua yeye sasa ilikuwa rangi ya ua la waridi lililokauka.

“Kavifua mwenyewe? Kwa sabuni yake?”

“Ndiyo, mama.”

Akamvuta mjukuu wake, akamfunga kimoja kiunoni na kingine mabegani, akamtazama kwa lile jicho lao la utani. “Na wewe, mke mwenzangu. Mumeo akikuharibia kitu kisha akakaa kukihangaikia hivi, usimnunie kama huyu mama yako.”

Nilitoka uani. Mume wangu alikuwa amechutama nyuma ya mashine ya Mikumi, anajifanya anakaza nati.

“Njoo ndani,” nikamwambia. “Chai inapoa.”