Mtungi wa Uji Kwenye Barabara ya Ziwani

Nilipofika Minneapolis nilipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao mtaani Phillips. Chini yangu aliishi mama mmoja wa Kiojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile, ambaye mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Anti. Sikuhitaji kufundishwa. Kwetu Kakamega nilikuwa na maanti wa namna hiyo kila boma.

Siku ya kwanza alinisikia nikikohoa kwenye ngazi, akafungua mlango na kunipa mkate wa kukaanga, ungali moto. Niliung'ata nikacheka.

"Hii ni mandazi," nikamwambia.

"Hiyo ni yetu," akanijibu.

Tulibishana hivyo miaka yote tuliyoishi pamoja. Jumamosi, nikitoka shifti ya kutunza wazee, tulikaa kibarazani, yeye akishona shanga, mimi nikifumua nywele, tukisalimiana na kila aliyepita. Hadi leo, nikisikia mlango wa wavu ukijibamiza, huwa nageuka nikidhani ni yeye anatoka na chai.

Kiangazi kimoja aliniomba nimpeleke kaskazini, kwenye ziwa alikozaliwa, ndani ya ardhi waliyotengewa watu wake. Dada yake alikuwa anaandaa karamu. Nilifurahi kama ninayekwenda kwetu. Nilichachusha unga wa wimbi, nikapika uji, nikaujaza kwenye mtungi wa plastiki, kwa maana sikulelewa kwenda kwa watu mikono mitupu.

Njiani Anti aliniuliza, "Hujabeba pombe, sivyo? Kwetu ni marufuku. Baraza la kabila letu wenyewe ndilo lililopitisha, nami niliunga mkono. Nimezika watu wengi mno."

"Anti, mimi ni mlokole."

"Basi tuko salama."

Tulipokaribia ziwa tulikuta askari ameegesha gari kwenye njia panda. Mbele yetu ilikuwepo pikapu inayokokota boti. Waliokuwemo ni wazungu, na kreti za bia zilipangwa nyuma waziwazi, hata turubai hakuna. Askari aliwapungia mkono wakapita. Sisi akatusimamisha. Alimtazama Anti kwanza, kisha mimi.

"Mna pombe?"

"Hapana," nikasema.

"Fungua buti."

Alifungua mtungi, akanusa, akakunja uso. Uji uliochachuka una harufu yake, siwezi kukataa.

"Hii mmepika wenyewe?"

"Ni uji, bwana. Hata watoto wanakunywa. Onja."

Hakuonja. Aliuinamisha mtungi, akamwaga uji wote kwenye nyasi.

Anti akashusha kioo. "Wale wa pikapu mbona wamepita?"

"Wana nyumba zao kule ufukweni. Viwanja ni vyao, vilinunuliwa zamani. Marufuku hayawahusu."

"Mimi nilizaliwa kule ufukweni," Anti akasema.

Askari alinirudishia mtungi mtupu na kututakia safari njema.

Niliwasha gari tukaondoka. Ili nisilie, nilimsimulia Anti habari ya babu na nyanya yangu. Wakati wa mkoloni, babu alikuwa mpishi wa mzungu, na kila jioni alimmiminia wiski ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa na sheria kuionja. Nyumbani nako nyanya alikuwa akikimbia na chungu chake cha busaa, pombe yetu ya kienyeji, kukificha kwenye mahindi, kwa sababu askari wa chifu wangekipiga teke.

"Wazungu wenu na wetu," Anti akasema, "walisoma shule moja."

Tulicheka mpaka nikalazimika kusimamisha gari kando ya barabara. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki tena. Alikuwa anafuta macho kwa kitambaa chake.

"Marufuku yetu ni mazuri," alisema. "Ila ningependa yamguse kila anayekaa kwenye lile ziwa. Sasa hivi yananigusa mimi, ambaye sijaonja tone tangu nizae kifungua mimba wangu."

Kwa dada yake walitupokea kwa kelele na samaki wa kukaanga. Waliposikia habari ya mtungi, dada mtu alisukuma sufuria kubwa mbele yangu. "Tupikie mwingine," akasema. Kwa bahati nilikuwa nimembebea unga kama zawadi. Uji huo haukuchachuka, lakini waliunywa wote, wakiutia sukari ya utomvu wa mti wanayoipika wenyewe. Ng'ambo ya maji, kwenye nyumba za likizo, muziki ulikuwa umepamba moto, na watu walisimama kwenye gati la boti na chupa mkononi. Hatukuona askari yeyote upande ule.

Dada yake Anti alikwenda kulalamika kituoni. Aliambiwa jambo hilo litachunguzwa. Hatukusikia lolote.

Baadaye niliolewa nikahamia Richfield, naye Anti akarudi kuishi kwa dada yake. Nyumba yetu ya Phillips sasa imepakwa rangi ya kijivu, na kibaraza kimezibwa kwa vioo. Nikipita pale na gari huwa napunguza mwendo.

Majuzi alinipigia simu kuniambia kwamba barafu imeyeyuka na ndege wa majini wamerudi. Akaniuliza nitakwenda lini. Nilimwambia Juni, nikipata likizo. Watoto wangu, ambao Kiswahili wanakielewa lakini hawajibu kwacho, walikuwa wakisikiliza. Wakaniuliza kwa Kiingereza kama kule kuna mahali pa kuogelea.