Hedi ya Mashine ya Mzee

Hapana, sikumpa konda aiweke kwenye buti. Hedi ya mashine yetu ya kusaga, kile kifuniko cha chuma cha juu ya injini, niliibeba mwenyewe mgongoni kwa kitenge, Njombe mpaka Makambako. Kila ikipinda kwa joto, marehemu mume wangu alikuwa anaipeleka kwa fundi wa huko ikwanguliwe inyooke. Anaweka rula ya chuma juu, anamulika tochi kwa nyuma, anaongea puani: "Fundi, mwanga unapita. Rudia."

Siku hiyo nikamulika mimi, nikabana pua: "Fundi, mwanga unapita. Rudia."

Fundi akacheka mpaka akakaa chini, maana sauti ile aliijua. Nikamwambia nataka niisikie tena mashine ya mzee ikilia asubuhi. Akaipima unene, akaacha kucheka.

"Bibi, tumeikwangua miaka yote. Chuma kimeisha. Kauze skrepa."