Muziki wa Baba Kurudi

Fundi wa sofa aliyeitwa Mzee Mluzi hakusingiziwa jina. Alipiga mluzi toka anafungua karakana mpaka anafunga, na wala si nyimbo za redioni kama watu wengine. Yeye alipiga muziki wa filamu, ule usio na maneno, unaopita nyuma ya picha wakati watu wanakimbizana au wanaagana. Akipigilia misumari kwenye fremu alipiga wa mbio za farasi. Akijaza sponji alipiga ule wa mchezo wa video uliokuwa ukisikika kutoka kibanda cha ng'ambo ya barabara, unaoanza upya kila mchezaji anapokufa. "Huyo aliyeutunga ana huruma," alikuwa akisema. "Anajua utakufa mara mia, kwa hiyo hakukuchosha."

Macho yalimwacha zamani. Presha ya macho ilimla polepole, kwanza pembeni, kisha katikati, wakati binti yake wa pekee alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Mikono haikupata taarifa. Iliendelea kukaza springi na kukata vitambaa kama kawaida. Kilichopotea ni filamu, maana huyu alikuwa mtu wa filamu kwelikweli, na hapo ndipo mkewe alipoingia kazini.

Kila Jumamosi jioni walikaa watatu kwenye sofa la nyumbani, ambalo kwa kuwa ni la fundi lilikuwa bovu kuliko sofa lolote lililowahi kupita mikononi mwake. Mke alikaa katikati na kusema yanayoonekana. "Amesimama mlangoni. Ana koti refu. Sasa anageuka." Sauti yake ilikuwa ndogo, haikupanda juu ya muziki hata siku moja. Mzee Mluzi alijigamba kwa wateja kwamba wao wana macho mawili mawili, lakini yeye ana manne, ya mke na ya mtoto.

Juu ya yote aliyowahi kuyasikia aliweka muziki wa katuni moja ya kigeni, ya mfululizo. Lugha yake hakuna aliyeijua pale nyumbani. Maandishi yalipita chini ya picha na mke akayasoma. Ilikuwa habari ya msichana anayeishi mlimani na baba yake, mtengeneza kengele. Baba anaondoka kwenye theluji kupeleka kengele upande wa pili, na msichana anamsubiri sehemu baada ya sehemu. Mwisho kabisa hakuna anayesema neno. Kinanda kinaanza peke yake, tone moja moja, inaingia filimbi, halafu vayolini zote kwa pamoja.

"Mlango unafunguka," mke alisema siku ile. Akanyamaza kidogo. "Ni baba yake. Amerudi. Wanakumbatiana."

Mzee Mluzi alilia bila aibu. Tangu hapo muziki ule akauita muziki wa baba kurudi, na asubuhi yake akaenda nao kazini. Mtu akimwuliza mbona muziki wenyewe una majonzi hivyo, alimjibu kwamba furaha ikizidi hulia, na kwamba asiyelijua hilo hajawahi kumsubiri mtu. Ubishi wake ulikuwa wa kuchosha, na watu walimwacha ashinde.

Binti alikua, akachumbiwa. Baba mtu akaomba jambo moja tu: yeye ndiye amshike mkono wakati wa kuingia ukumbini, na waingie na muziki wa baba kurudi.

"Tuchague mwingine," mkewe alisema. "Ule umeshapitwa na wakati."

"Mbona na mimi nimepitwa na wakati, na mnanipeleka?"

Binti ndiye aliyejibu, "Sawa, baba. Tutaingia nao."

Wakaingia nao. Makofi yalianza vizuri, kinanda kilipolia yakapungua, na vayolini zilipoingia yakaisha kabisa. Mzee Mluzi alijua ni heshima. Alitembea kifua mbele.

Ni kwenye chakula ndipo mjomba wa bwana harusi, mcheshi mmoja ambaye mdomo wake hauna breki, alipovuta kiti karibu naye. "Mkwe, wewe umetuweza! Bibi harusi anaingia na muziki wa mazishi! Mimi nilianza kutafuta maiti yuko wapi."

"Mazishi gani?"

"Si ya yule mtengeneza kengele? Mtoto anafungua mlango, majirani wanampa koti la baba yake. Baba ndiyo basi tena. Wanangu walilia mpaka nikaizima televisheni."

Mzee Mluzi akacheka. Alicheka mpaka soda ikammwagikia, akasema ndiyo, huo ulikuwa mzaha wake mwenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite.

Walipofika nyumbani hakukaa. "Koti au baba?" alimwuliza mkewe.

Mke hakujifanya haelewi. "Koti."

"Kwa nini?"

"Macho yako ndiyo yalikuwa yanaisha. Ulikuwa huli, hulali. Nikaona, mtu huyu nimwambie tena na baba wa kwenye katuni amekufa? Neno likanitoka tu. Halafu ukafurahi, mume wangu. Ukaamka unapiga mluzi. Nikasema nitamwambia kesho."

"Kesho yako imeota mvi."

Akampigia simu binti. "Baba, nilikuwa mdogo," binti alisema. "Mama aliniambia nisikuharibie."

"Na leo ukumbini ulikuwa mdogo?"

Mzee Mluzi akakata simu.

Mtu anaweza kusema walimpenda. Walimpenda, nani kakataa? Lakini walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wawili wote, miaka yote hiyo, kwenye sofa moja naye. Muziki ulikuwa umemwambia ukweli toka siku ya kwanza, akaukatalia, akabishana na kila mtu mwenye masikio, kwa sababu mkewe alisema vingine. Hilo ndilo lililomchoma. Alijiona mjinga mbele ya mji mzima, na aliyemfanya mjinga ndiye aliyekuwa akimchagulia nguo za kuvaa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, na Mzee Mluzi sasa alitaka kuirudia yote, hatua kwa hatua. Alimwuliza muuza vitambaa shati lake lina rangi gani. Kijivu, akaambiwa, na mke alikuwa amesema kijivu. Alimwuliza mteja kama kweli ukuta wa karakana una ufa. Unao. Kila jibu lilikuwa sawa na la mkewe, na hakuna hata moja lililomtuliza, maana uchungu wenyewe ulikuwa ule wa kulazimika kuuliza. Mluzi ukakoma. Wateja wakadhani anaumwa meno.

Kisha ikaja video ya harusi, binti ameituma kwenye simu ya mama yake. Mke akaketi mahali pake pa siku zote. "Haya, baba, ndiyo mnaingia. Ume..."

"Ngoja. Mwite dada mshonaji."

Dada mshonaji alikuwa jirani yao. Akaja na futi shingoni, akidhani kuna mgonjwa. Mke akasogea, yule akakaa katikati yao, hajui aangalie wapi.

"Niambie unachokiona," Mzee Mluzi alisema. "Usinipambie."

"Mnaingia, kaka. Umemshika mkono. Umenyoosha shingo, unatabasamu." Kinanda kilikuwa kinalia ndani ya simu. "Watu wa mbele wanaangaliana."

"Mwanangu anafanya nini?"

Mshonaji aliinamia simu. "Analia."

"Machozi ya furaha?"

"Hapana, kaka. Analia kama mtu aliyefiwa. Amekazana asitoe sauti."

"Na mama yake?"

"Yuko upande wako wa pili. Anakunong'oneza sikioni."

Mzee Mluzi aliyakumbuka maneno yenyewe, na joto la pumzi yaliyokuja nayo. Anacheka, baba. Mwanao anacheka, laiti ungemwona.

Mke akaongea kutoka mwisho wa sofa. "Ningekwambia nini pale, watu wote wanatutazama?"

"Ungeniambia analia," alisema. "Ningesimama nimfute machozi."

Dada mshonaji aliuliza taratibu kama asimamishe video, na Mzee Mluzi akamwambia aiache iendelee.