Trela ya farasi, ng'ombe wa mahari na mjomba wangu fundi wa vibuyu

Wakuu, habari za humu. Hii ilinipata mimi mwenyewe miaka ya tisini, kwetu Bomet, na sijaongeza chumvi. Ilikuja na chumvi yake.

Meneja mmoja wa shamba la chai Kericho alikuwa anahama, akaniuzia trela yake ya kubebea farasi.

Farasi sijawahi kumiliki hata mkia. Lakini nilikuwa naoa kule Chebunyo, kwa wafugaji, na baba mkwe alishasema waziwazi kwamba kijana wa majani chai hajui ng'ombe. Nikaapa mtamba wa mahari atafika kwake amepanda trela kama waziri. Akimkataa, harusi hakuna.

Tatizo lilikuwa mlango wa nyuma. Ulikuwa wa fiberglass, ile plastiki ngumu, umepasuka pale bawaba zinaposhika. Nikaupiga msasa mpaka ukakauka na kukwaruzika, maana resin, gundi yake, inataka mahali pa kung'ang'ania. Halafu nikaenda mjini kutafuta resin, hardener ya kuigandisha na kile kitambaa cha fiberglass.

Nyuma mlango nikamwachia mjomba wangu, bingwa wa kutunza vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Kosa liko hapo, mtaliona.

Niliporudi nikaukuta mlango unang'aa. Nikamshukuru kwa kuupangusa! Nikabandika kitambaa, nikapaka resin, ikawa ngumu kama jiwe. Nikagonga gonga. Fundi mimi.

Siku ya safari, mimi na mjomba tulikaa mbele kwa pick-up tukiimba nyimbo za kanisa, mtamba nyuma kwa trela. Kwenye kilima cha mwisho gari ilikuwa inatambaa, halafu ghafla ikapata nguvu. Tukaisifu injini.

Tulipofika, akina mama wakapiga vigelegele, wakaizunguka trela. Mlango haukuwepo. Ndani kulikuwa na kamba iliyokatika na mavi mabichi.

Baba mkwe akachungulia. "Kijana, hii ndio mahari?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Tukarudi na shemeji zangu kwa miguu. Mtamba alikuwa kando ya barabara anakula nyasi, mzima kabisa. Mlango uko kwa mtaro. Nikaokota kile kiraka, nikakigeuza: laini, na kinanuka mafuta ya ng'ombe.

Mjomba hata hakuona haya. "Si nilipaka mafuta isipasuke tena? Kibuyu yangu haijawahi pasuka!"

Tukamswaga mtamba mpaka nyumbani, baba mkwe akamzunguka, akashika kiwele, akatazama kwato.

"Ng'ombe ni mzuri," akasema. "Tena imekuja na miguu, kama mahari ya baba yangu. Msichana chukua." Kisha akaigeukia trela. "Lakini yeye hapandi hiyo sanduku, wala gari inayoivuta."

Basi funzo: ukishapiga msasa, pangusa na thinner, bandika siku hiyo hiyo, na mjomba mpe kibuyu akae nacho mbali.

Trela ninayo bado, kuku wanalala humo. Anayejua namna ya kutoa mafuta yaliyoingia kwenye fiberglass atuelimishe hapa chini.

Mke wangu anasoma nyuma ya bega langu. Anasema niandike pia kwamba siku ile alitembea hadi stage ya matatu, na viatu vilikuwa vipya.